Maandalizi ya Idi nyumbani pwani ya kusini: kipi kianze, kipi kisubiri mwezi

Anayeandaa Idi el-Fitri nyumbani ana vikwazo viwili ambavyo waandaaji wa sherehe nyingine hawavijui. Kwanza, hana hakika ya siku yenyewe, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na tangazo la kuandama kwa mwezi hutolewa usiku uleule ambao kesho yake huenda ikawa Idi. Pili, sehemu kubwa ya kazi ya jikoni huifanya akiwa amefunga, hivyo haonji sukari wala chumvi. Kwa sisi wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, kipo na cha tatu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili hivi, na Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya kawaida, miaka hii imeingia katikati ya msimu huo. Mwaka 2025 Idi iliangukia mwisho wa Machi, wakati ambapo nguo haikauki kambani, na biskuti zilizoachwa wazi usiku mmoja hulegea kabla ya asubuhi.

Kwa sababu hizo, kwetu Mikindani kazi za Idi hazipangwi kwa ukubwa wala kwa uzito, bali kwa swali moja tu: kitu hiki kinakaa kwa muda gani? Kinachokaa mwezi mzima hufanywa mwanzoni mwa mfungo, kinachokaa wiki mbili hufanywa katika kumi la mwisho, na kisichomaliza hata nusu siku husubiri tangazo. Na kwa kuwa haonji mtu, kila kitu hupimwa. Nunua au azima mzani mdogo wa jikoni kabla hujanunua hata kilo moja ya unga.

Nguo za watoto sitazizungumzia sana. Mpelekee fundi cherehani kitambaa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mtajie siku ya kuchukua iliyo wiki nzima kabla ya siku unayoihitaji, na usimwambie kwamba unayo wiki hiyo.

Kitanga cha kulia: kazi ya mwezi mzima

Sinia la Idi huliwa chini, na watu sita wakiizunguka pilau wanahitaji kitu cha kuliwekea. Kitanga, yaani mkeka mdogo wa mviringo, kinaweza kushonwa na mtu ambaye hajawahi kusuka, mradi aanze siku za kwanza za mfungo na asuke kidogo kila usiku baada ya tarawehe.

Ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia, huuzwa sokoni kwa mafungu, mweupe au uliokwisha kutiwa rangi. Ukinunua mweupe na kutaka kuutia rangi mwenyewe, chemsha maji katika sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena, tia unga wa rangi pamoja na kijiko cha chakula cha chumvi, uzamishe ukindu wote, kisha uache uchemke taratibu kwa nusu saa. Usuuze hadi maji yatoke meupe, kwa maana rangi iliyobaki juu itahamia kwenye kanzu ya mgeni, kisha uanike kivulini. Jua kali huufubaza, na mvua, kama ilivyo desturi yake, haitangoji ukauke, kwa hiyo anika barazani.

Pasua kila ukuti kuwa chane zenye upana wa milimita 4 hivi. Zinyunyizie maji na kuzifunga katika kitambaa chenye unyevu kwa robo saa kabla ya kusuka. Chane kavu hukatika mkononi, lakini chane iliyoloweka sana hunywea inapokauka na kuacha mianya katika ukili, yaani utepe unaosukwa, kosa ambalo hulioni mpaka siku ya pili.

Ukili wa chane saba unatosha kwa kazi hii. Funga ncha za chane zote pamoja, kisha zigawe, nne upande wa kushoto na tatu upande wa kulia. Chukua chane ya nje kabisa kushoto, ipitishe juu ya inayofuata, chini ya ile ya pili, juu ya ile ya tatu, iishie katikati na kujiunga na upande wa kulia, ambao sasa utakuwa na nne. Fanya vivyo hivyo kwa chane ya nje ya kulia, ukirudi katikati, na uendelee kupokezana pande mbili. Chane ikikaribia kuisha, laza nyingine juu yake na uzisuke pamoja kwa mizunguko mitatu au minne kabla ya kuiacha ile ya zamani. Usibadilishe chane mbili mahali pamoja, maana hapo ndipo ukili utakapovunjika. Ncha zilizojitokeza hukatwa kwa mkasi mwishoni.

Ukili huu utakuwa na upana wa sentimita 2 hivi. Kitanga chenye kipenyo cha sentimita 60, ambacho hutosha sinia la kawaida, kitahitaji ukili wa mita 16 hadi 17, ukihesabu na sehemu ndogo ya ukingo inayolaliana wakati wa kushona. Anayesuka mita moja kila usiku humaliza na kubakiwa na siku kumi au zaidi za kushona na kurekebisha.

Ushonaji hufanywa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na chane nyembamba iliyoloweshwa badala ya uzi. Kunja mwanzo wa ukili kama konokono, ukiubana upande wa ndani ili uweze kupinda, kisha shona ukingo wa mzunguko mpya juu ya ukingo wa mzunguko uliotangulia, shazia ikipita katika mikunjo ya chane za pembeni na si katikati ya ukili. Mizunguko mitatu ya kwanza ni migumu na haipendezi, na hakuna mshonaji asiyeijutia, lakini baada ya hapo kazi hulainika. Kila mzunguko ukikamilika, laza kitanga sakafuni ukitazame. Kikivimba katikati, umeuvuta mno ukili wa nje. Kikijaa mawimbi pembeni, umeulegeza. Fumua mzunguko huo mmoja tu na uushone upya. Ukiacha kosa la kwanza liendelee kwa mizunguko mitano, utapata kawa, yaani kifuniko cha chakula chenye umbo la pia, badala ya kitanga, na kawa zetu mbili za nyumbani zilipatikana kwa njia hiyo.

Mwisho wa ukili hupunguzwa kwa kutoa chane moja moja hadi zibaki tatu, kisha huchomekwa chini ya mzunguko uliotangulia na kushonewa hapo. Kitundike kitanga mahali penye hewa, kwa sababu ukindu uliokunjwa ukiwa na unyevu huota madoa meusi ya ukungu yasiyotoka.

Korosho, kutoka ganda hadi kashata

Hapa ndipo mtu wa kusini anapompita mwandaaji wa Idi wa mahali pengine. Korosho huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka, na nyumba yenye mikorosho michache haikosi kuweka akiba ya ghafi, yaani korosho zikiwa bado na ganda, kwa matumizi yake. Ghafi iliyoanikwa vizuri, inayogongana kwa sauti kavu ukiitikisa mkononi, hukaa miezi mingi katika gunia lililoinuliwa juu ya mbao. Iliyobanguliwa, kinyume chake, huvuta unyevu na kuanza kunuka mafuta yaliyooza, kwa hiyo bangua wiki mbili tu kabla ya Idi. Kadiria kilo 4 za ghafi kwa kilo moja ya korosho safi, na wakati mwingine hata kilo hiyo haitimii.

Kazi hii haifanywi jikoni. Mafuta yaliyo ndani ya ganda huunguza ngozi na kuacha malengelenge, na moshi wake huwasha macho na kifua. Chagua siku isiyo na mvua, weka mafiga nje mbali na madirisha, tazama upepo unakoelekea na usimame upande unakotoka, na watoto wapelekwe kwa jirani. Tumia karai kuukuu lililotobolewa matundu, lisilotumika kwa chakula. Tandaza ghafi kwa safu moja, koroga kwa mti mrefu bila kusita, na baada ya dakika chache mafuta yatatiririka na kuwaka moto. Usiogope moto huo, lakini usiuache pia. Maganda yakiwa meusi na yamevimba, mwaga zote juu ya mchanga mkavu, zifukie kidogo zizimike, kisha zisugue katika mchanga au majivu ili mafuta yaliyobaki yafyonzwe.

Zikipoa, paka viganja majivu au mafuta ya kupikia kabla ya kugusa ganda lolote, uisimamishe korosho kwa ubavu juu ya jiwe, uipige pigo moja dogo la kigongo kwenye mshono wake. Pigo likiwa kubwa utapata vipande. Vipande si hasara kwa kashata, ila korosho nzima za kuweka mezani huhitaji mkono mwepesi. Ngozi nyembamba ya ndani hutoka kwa urahisi ukizipasha korosho juu ya moto mdogo sana na kuziacha zipoe kabla ya kuzifikicha. Asiye na ghafi, au mwenye mtoto mwenye pumu nyumbani, anunue zilizobanguliwa, na kwa kashata aombe vipande, ambavyo ni bei nafuu na ladha ni ileile.

Kashata yenyewe huhitaji gramu 300 za korosho zilizokaangwa na kukatwakatwa, gramu 200 za sukari, hiliki tano zilizotwangwa na chumvi ya ncha ya kisu. Paka mafuta ubao, kisu na kijiti cha kusukumia kabla ya kuwasha moto, kwa sababu baadaye hakutakuwa na nafasi. Weka sukari peke yake, bila maji, katika sufuria nzito juu ya moto mdogo, uizungushe sufuria hadi sukari iyeyuke na kuwa na rangi ya asali. Ikielekea rangi ya kahawa imekwisha kuwa chungu, nawe hutajua kwa kuwa huonji, hivyo iamini rangi. Epua, mimina korosho na hiliki, koroga mara kumi, mwaga ubaoni, sukuma hadi unene wa sentimita moja na ukate mara moja. Una dakika moja au mbili kabla haijawa jiwe. Ikipoa kabisa, iweke katika kopo lenye mfuniko unaobana, ukitenganisha safu kwa karatasi, na kopo lisifunguliwe kila mgeni anapobisha hodi.

Visheti na biskuti katika kumi la mwisho

Visheti hukaa wiki mbili bila taabu vikikaangwa sawasawa, na karibu kila anayelalamika kwamba vyake vililegea alivikaanga kwa moto mkali. Changanya gramu 500 za unga wa ngano na vijiko 4 vya chakula vya samli iliyoyeyushwa, fikicha hadi unga ushikamane ukiubana, kisha ukande kwa tui vuguvugu, mililita 200 hivi, ukilitia kidogo kidogo kwa kuwa unga mwingine hunywa zaidi ya mwingine. Acha kinyunga kipumzike nusu saa. Kata vipande vya ukubwa wa kokwa ya ukwaju au zaidi kidogo, vibonyeze mgongoni mwa mbuzi ndogo ya kukwaruzia karoti ili vipate nakshi, na uvikaange katika mafuta ya moto wa wastani. Kipande cha kwanza kikizama, kikatulia kidogo na kupanda taratibu, mafuta yako tayari. Vikibadilika rangi upesi, ndani vitabaki na maji, na maji hayo ndiyo yatakayovilegeza siku ya tatu.

Kwa shira, chemsha gramu 250 za sukari katika mililita 125 za maji pamoja na hiliki, hadi tone moja likivutwa kati ya vidole viwili litoe uzi. Mimina visheti vilivyopoa, epua, na ukoroge bila kupumzika mpaka sukari igande na kuwa nyeupe juu ya kila kimoja. Mkono utachoka kabla sukari haijaganda, kwa hiyo awepo mtu wa kupokezana.

Biskuti zina hesabu rahisi: unga sehemu tatu, siagi mbili, sukari moja, kwa uzito. Gramu 600, 400 na 200 hutoa kopo kubwa moja. Asiye na oveni hutandaza mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, huweka juu yake bati lenye biskuti, hufunika kwa mfuniko wa bapa na kuweka makaa mengi juu kuliko chini. Za kwanza zitaungua chini. Punguza moto wa chini, usiongeze wa juu.

Siku ya 27 hadi ya 29

Siku hizi ni za nyumba na za haki za watu. Ukuta wa nje hupakwa chokaa siku yenye jua, ukinyunyiziwa maji kwanza ili usiifyonze chokaa kwa pupa. Chokaa huchujwa, huchanganywa na maji hadi iwe kama maziwa, huongezwa kiganja cha chumvi kwa ndoo ili ishike, na hupakwa mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito. Kinga macho, maana chokaa huunguza. Mvua ikigoma kukatika, acha ukuta na uoshe baraza. Hakuna mgeni aliyewahi kurudi kwao kwa sababu ya ukuta.

Tenga pia mchele wa zaka ya fitri, pishi moja, yaani kilo 2 na nusu hadi 3, kwa kila aliyemo nyumbani, hata mtoto mchanga. Nyumba ya watu sita itenge kilo 15 hadi 18 katika gunia lake, lisichanganywe na mchele wa pilau, na ufike kwa wanaostahili kabla ya sala ya Idi.

Viungo vya pilau hukaangwa vikavu na kutwangwa siku hizi: kwa kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama, vijiko 2 vya chakula vya binzari nyembamba, kijiko cha chai cha pilipili manga, karafuu 8, hiliki 10 na vijiti 2 vya mdalasini. Ijaribu na hamira. Tia kijiko cha chai cha hamira na kimoja cha sukari katika maji vuguvugu robo kikombe. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi, imekufa. Mwaka mmoja niliuziwa hamira ya namna hiyo nami sikuijaribu, na mkate wetu wa Idi ukatoka kama kigae.

Usiku wa mwezi

Jioni ya siku ya 29, kabla ya kufuturu, lowesha gramu 500 za mchele wa kawaida kwa ajili ya mkate wa kumimina, ule mkate wa mchele na tui, usiwe wa kupikwa nusu kiwandani. Usingoje tangazo. Mchele huhitaji saa sita, na ukiuloweka saa 12 jioni utakuwa tayari saa 6 usiku. Mwezi usipoandama, saga mchele huohuo kwa tui na hamira, upike vitumbua vya daku, na kesho uloweshe mwingine.

Mwezi ukiandama, nyama huchemshwa usiku huo pamoja na tangawizi na chumvi, na asiye na friji huichemsha tena alfajiri kabla ya kuitumia. Tui, kinyume na nyama, halifanywi usiku, kwa sababu huchacha. Usiku chagua tu nazi tatu kwa kuzitikisa na kusikiliza: ile isiyotoa sauti ya maji iache. Nazi moja kubwa iliyokomaa hutoa kikombe kimoja hivi cha tui zito, nawe utahitaji kikombe kimoja na nusu kwa mkate wa kumimina, na linalobaki ni la mchuzi.

Alfajiri, zikune nazi, chuja kwa kifumbu, na usage mchele uliochujwa maji pamoja na tui lililo vuguvugu na kijiko cha chai cha hamira, hadi uji huo usikwaruze ukiufikicha kati ya vidole. Tui la moto huua hamira, la baridi huilaza. Usitie sukari bado, kwa kuwa sukari nyingi huichelewesha hamira kufanya kazi. Funika kwa saa moja, na uji ukijaa mapovu ndipo utie gramu 200 za sukari, hiliki na ute wa yai moja, ukikoroga taratibu.

Paka mafuta sufuria nzito, ipashe moto hadi tone la uji lilie likigusa, kisha mimina yote kwa pamoja. Moto uwe wa wastani. Subiri juu pajae matundu madogo na kingo zianze kuachana na sufuria, kama dakika kumi, ndipo ufunike na uhamishe makaa mengi juu ya mfuniko, ukibakisha machache chini. Baada ya dakika kumi na tano chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua. Usiukate ukiwa wa moto, la sivyo utasongamana kisuni.

Pilau hupikwa wakati mkate unapoa, vitunguu vinne vikaangwe hadi kahawia, viungo na nyama vifuate, kisha mchele na mchuzi wa nyama uliozidi mchele kwa pingili moja ya kidole. Onja chumvi. Leo inaruhusiwa, na wapishi wengi huionja mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kabla ya kupeleka sahani za mkate na visheti kwa majirani, funga uzi wa rangi moja kwenye ukingo wa kila sahani au ipake alama chini kwa rangi ya kucha. Mchana wa Idi sahani zote za mtaa huonekana za aina moja, na zile zinazorudi kwako, zikiwa na chakula cha nyumba nyingine, mara nyingi si zile ulizozipeleka.